Mashine ya kukereza: ndogo ya dukani au ya jua kali Kibuye?

Anayeanza kukereza mbao Kisumu huuliza lile lile: anunue ile ndogo ya kuweka mezani, au achomelewe na mafundi wa jua kali wa soko la Kibuye?

Kwa bei, ya jua kali mara nyingi ni nafuu, na urefu unajichagulia: mguu wa kitanda unaingia wote. Nyingi za mezani huishia karibu sentimita 40 kati ya ncha mbili zinazoshika mbao, ya mbele na ya nyuma. Mipini ya patasi, bakuli, basi.

Ila tusidanganyane kuhusu utulivu. Ya dukani haitikisiki ovyo. Ya kuchomelewa, ncha zisipokabiliana sawasawa, mbao hucheza na patasi huruka. Kabla hujalipa, sogeza ncha ya nyuma iguse ya mbele. Zikipishana hata milimita 2, fundi arekebishe mbele yako. Hakikisha pia mota inatumia umeme wa nyumbani, volti 240. Ya fezi tatu, yaani umeme wa viwandani, itakulalia tu karakanani.

Vipuri? Beringi na belti za kawaida hupatikana mjini. Kidhibiti kasi cha ile ya dukani kikiungua, jipe subira.

Mwenye oda za miguu ya meza aende Kibuye. Anayejifunzia bakuli kwenye chumba cha kupanga, tena jirani hapendi kelele, achukue ndogo.