Uchambuzi: Je, Wakati wa Kuibadilisha GTX 1060 Umefika?

Ndugu watazamaji, karibuni. Kadi ya michoro iliyopo mezani leo ni NVIDIA GeForce GTX 1060 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6, ambayo iliingia sokoni Julai 2016 na bado ninaikuta ndani ya kompyuta za magemu hapa Dar es Salaam. Swali ni kama wakati wa kuibadilisha umefika. Mimi ninashikilia kwamba umri wa kadi pekee hautoshi kuamua, wala ujio wa toleo jipya, bali uamuzi utoke kwenye vipimo vya kompyuta yako mwenyewe, tena vipimo ambavyo havikugharimu hata shilingi moja.

Anzisha gemu unalolicheza mara nyingi, ondoa kikomo cha fremu (picha zinazoonyeshwa kwa kila sekunde) kwenye mipangilio yake, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, na kwenye sehemu ya Performance chagua GPU ili uone kadi inatumika kwa kiasi gani. Ikiwa inafanya kazi kwa asilimia 97 au zaidi na bado fremu hazifiki 60 kwa sekunde, basi kadi ndiyo inayokwamisha. Ikiwa iko kwenye asilimia 55 huku picha ikisuasua, tatizo huenda liko kwenye prosesa au RAM, na kadi mpya, hata iwe ya mamilioni, haitakutoa hapo. Hakikisha kwa kushusha idadi ya nukta za picha kwenye mipangilio ya gemu kutoka 1080p hadi 720p: fremu zikipanda sana, kadi ilikuwa imeelemewa, zikibaki palepale, fedha yako ielekeze kwingine.

Kabla ya kuamini vipimo hivyo, angalia joto, na hapa ninaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jiji letu lina joto, vumbi na unyevunyevu wa bahari kwa pamoja. Kadi hii, kwa mpangilio wa kiwandani, huanza kupunguza kasi yake inapokaribia nyuzi 83 za Selsiasi. Tazameni hapa chini ya feni: vumbi limeshikana na unyevu hadi limekuwa utando wa kijivu ulioziba mapezi ya alumini, kwa hiyo hewa haipiti. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, shika feni kwa kidole isizunguke, ndipo upulize na kusugua taratibu kwa brashi laini. Kama pesti ya kupozea imekauka, fundi aibadilishe. Mwezi wa Januari au Februari, katika chumba kisicho na kiyoyozi, usafi huu peke yake unaweza kukurudishia kasi uliyodhani imepotea kwa uzee.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo usafi hauwezi kuyatibu. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, gemu hukwama kwa vipindi hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. Punguza ubora wa tekscha (picha zinazofunika sura za vitu ndani ya gemu), na ikiwa huridhiki na picha unayobaki nayo, hiyo ni sababu halali ya kubadilisha. Vilevile yapo magemu, kama Doom: The Dark Ages la 2025, yanayodai kadi yenye uwezo wa kukokotoa miale ya mwanga kwa vifaa vyake yenyewe, na GTX 1060 haina vifaa hivyo. Tena NVIDIA ilitangaza kwamba kizazi hiki cha kadi kingepata draiva (programu za kuiendesha kadi) za magemu hadi Oktoba 2025, na baada ya hapo masasisho ya usalama pekee hadi Oktoba 2028.

Ukishaamua, pima kwanza pawa saplai yako, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. GTX 1060 hutumia wati 120, wakati RTX 3060 ya gigabaiti 12, kadi ya kizazi kipya zaidi, hutumia 170, na NVIDIA inaipendekezea pawa saplai ya wati 550. Kompyuta ndogo za ofisi zilizotumika, zinazouzwa sana mjini, mara nyingi hazina nguvu hiyo wala nafasi ya kadi ndefu. RTX 4060 hutumia wati 115 tu, lakini ina gigabaiti 8, na kwa kuwa hutumia njia 8 badala ya 16 za kuwasiliana na ubao mkuu, kwenye ubao wa zamani hupoteza kasi kidogo, hasa kumbukumbu inapojaa. Kwa mtu mwenye ubao wa zamani na pawa saplai ya kutosha, mimi ningechagua RTX 3060.

Ukiinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, kumbuka kwamba uchimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum kwa kadi za michoro ulikoma Septemba 2022, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana ziliingia sokoni. Mwombe muuzaji aiendeshe kwa gemu zito kwa dakika 20 mbele yako, sikiliza feni, tazama joto, na chunguza kama kuna madoa au mistari kwenye skrini. Akikataa kuijaribisha, usilipe.