Tembo nimemwona kwenye runinga ya korido

Nianze na ushauri, maana hasira zikinipanda nitausahau. Kama unakwenda kuangalia The Lion King ya jukwaani (sisi tuliiona ilipokuwa ikizunguka miji ya Uingereza), dakika za mwanzo ndizo zenyewe. Rafiki, yule nyani mganga wa hadithi, anaita kwa Kizulu, jua linapanda, halafu baadhi ya wanyama hawatokei nyuma ya pazia, wanakutokea mgongoni. Wanapita katikati ya viti, na tembo anayebebwa na watu wanne anakupita karibu ukiweza kumgusa. Mimi haya nimehadithiwa. Tembo wangu nimemwona kwenye runinga ndogo ya ukutani, koridoni, nimekumbatia makoti ya watu wanne.

Na hatukuchelewa, hilo lieleweke. Tulikuwa kwenye foleni mapema kabisa, mimi, watoto wangu wawili na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mashine ya kusomea tikiti ya mlango wetu ikagoma. Dada wa watu anaipigapiga kiganjani, anaizima, anaiwasha, anaipulizia. Foleni ya mlango wa pili inaingia mpaka inaisha, sisi tumeganda kwenye manyunyu yale ya kwao yasiyojua kukata. Hakuna aliyewaza kutuhamisha. Alipopatikana mtu wa kukagua tikiti kwa macho, kengele ya mwisho ilikuwa imeshalia.

Tukakimbizwa korido na ngazi zake, mama na magoti yake. Kufika, mlango umefungwa na mbele yake kasimama kijana, kidude cha mawasiliano sikioni, mkono kaunyoosha kama trafiki. Hamuingii, njia zinatumika na waigizaji. Nikamwambia, kaka, sisi tulikuwa nje muda wote, mashine yenu ndiyo mbovu, muulize mwenzio. Akajibu bila hata kuniangalia: "Wote mnasema hivyo."

Jamani.

Kufungiwa mlango naelewa. Nimewaona wale twiga baadaye, ni watu waliosimama juu ya magongo, mawili miguuni na mawili mikononi. Mtu akikatiza gizani anatafuta kiti chake atamvunja mwenzake shingo. Sheria ina akili. Lakini "wote mnasema hivyo", mbele ya wanangu, mbele ya mama yangu mzazi? Na viti vyangu nilivilipia zaidi kwa makusudi, vya pembeni kabisa mwa njia, ili kitinda mimba wangu amwone tembo kwa karibu. Mtoto kaweka sikio mlangoni anasikiliza ngoma. Kwenye ile runinga twiga mzima ana urefu wa kidole, na sauti wameibana.

Kilichonimaliza ni kiti. Kulikuwa na kiti cha kukunja kimeegemezwa ukutani, hatua mbili kutoka aliposimama. Nikamwomba mama akalie. Eti hicho ni cha wafanyakazi. Mfanyakazi gani? Alikuwepo yeye peke yake na amesimama! Mama kashika ukuta, kitenge kimelowa mpaka magotini, ananiambia, "Niache mwanangu, nasimama tu." Wazee wetu wakiwa ugenini hawataki shari. Mimi ningekuwa kwetu pangechimbika.

Basi, wimbo ukaisha, tukaingizwa kwa tochi. Nilikaa nimenuna na nilikusudia kununa mpaka mwisho.

Sikuweza. Wameniudhi hata kwa hilo. Wachezaji wanatoka na nyasi vichwani, wakisogea na mbuga nayo inasogea. Kinyago cha Mufasa, simba mfalme, kiko juu ya kichwa, uso wa mwigizaji uko wazi chini yake, na baada ya muda unawaangalia wote wawili bila kuchagua. Scar, ndugu yake mwovu, akitaka kutisha, kinyago chake kinashuka mbele ya uso. Aliyeliongoza onyesho hili na kulibunia mavazi ni Julie Taymor, na mwaka 1998 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Marekani, kwa kuongoza onyesho la nyimbo. Ni halali yake. Mufasa alipokufa, simba jike wakavuta tepe ndefu za kitambaa kutoka machoni kuwa machozi, nikasikia mama anapenga kamasi. Rafiki wa jukwaani ni mwanamke, na mama alimkubali tangu dakika ya kwanza: "Huyu mganga ndiye mtu mzima peke yake humu ndani."

Wakati huo nilikuwa nimeshasamehe, nyota tano mkononi.

Mapumziko yakafika. Nani anapita na trei ya aiskrimu shingoni? Yule yule. Tabasamu hadi kwenye masikio, kwa sababu sasa tuna hela. Kikopo cha kulamba mara tatu, kijiko kimefichwa ndani ya kifuniko, bei yake sitaki kuitaja nikapandisha presha. Nikageuzia uso pembeni. Mama akanunua! Akamwambia asante kwa Kiingereza chake chote, akanigeukia: "Mtoto wa watu yuko kazini." Mama, huyu ndiye aliyekunyima kiti. "Basi yameisha." Kwangu hayajaisha.

Maana onyesho lenyewe si la kubahatisha. New York lipo tangu 1997, London liko ukumbi wa Lyceum tangu 1999. Aliyetuangusha ni ukumbi uliolipokea, wenye mlango mmoja mbovu na ulimi mmoja mchafu. Onyesho nyota tano, ukumbi sifuri. Hapana, dada wa mashine alituomba radhi, nampa yake moja. Nikikumbuka kile kiti nataka kuichukua tena.

Nimeandika malalamiko kwa barua pepe. Wamejibu kwa kuniomba nijaze dodoso la kuridhika kwangu na huduma. Mwanangu mkubwa naye ameshatafuta kwenye ratiba mji watakaohamia. Nimemwambia hatuendi popote. Halafu nikamuuliza vya pembeni mwa njia vimebaki vingapi.