Miezi minane na programu ya kutambua mawingu

Kazi yangu hunilazimu kujua usiku kama radi inakuja, na kwa miaka mingi nilikuwa nakodolea macho picha za setilaiti nikikisia. Miezi minane sasa natumia programu inayotambua mifumo ya mawingu yenyewe. Hupokea picha za setilaiti zinazokaa juu ya ikweta, kilomita takriban 36,000 kutoka ardhini, moja kila dakika 15. Kila wingu nene hulizungushia mstari, hulipa namba, kisha hulifuata picha kwa picha.

Niliiamini usiku mmoja iliponionyesha kidoa ambacho macho yangu yalikipita. Joto la kilele chake lilisomeka nyuzi -38 za Selsiasi, picha iliyofuata -51, kisha -63. Wingu linalopoa kwa kasi hivyo linapanda kwa nguvu. Mstari uligeuka mwekundu kwenye picha ya pili, nami nikawahi kuwaonya wenzangu kabla ngurumo haijasikika.

Ila joto peke yake halikwambii wingu liko juu kiasi gani. Hapo ndipo modeli ya utabiri, yaani hesabu za kompyuta za hali ya hewa, inapoingia: inaeleza hewa ya siku hiyo ina joto gani kila kimo, na programu inalinganisha. Inasema pia kama hewa imetibuka au imetulia, hivyo haikuamshi bure kwa kila wingu baridi linalopita. Kwangu mimi, thamani yote iko hapa.

Na udhaifu wake mkubwa uko papo hapo. Alfajiri moja hewa ya joto ilikuwa imelalia hewa baridi, na wingu tandavu lilikuwa limefunika vilima kabisa. Nilikuwa naliona dirishani. Programu ikaliweka kimo cha mita 3,000. Joto lile lile lilipatikana katika vimo viwili, nayo ikachagua cha juu. Anayetegemea ramani hiyo kwa safari ya ndege ndogo angeamini njia ni nyeupe.

Mawingu membamba ya juu nayo huisumbua, maana joto la chini hupenya, na setilaiti husoma mchanganyiko. Tena radi ikifa, kilele chake bapa kama fuawe hubaki baridi kwa saa kadhaa. Mara moja mstari mwekundu ulikaa karibu saa mbili juu ya anga ambayo mimi tayari nilikuwa nahesabu nyota zake. Mawingu mawili yakiungana, dogo hupoteza namba na historia yake yote. Hilo linaniudhi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu mara nyingi lile dogo ndilo lililokuwa likikua.

Nitaendelea kuilipia. Lakini picha ghafi ya joto naiacha wazi pembeni muda wote, na kabla ya kumpigia mtu simu naangalia picha tatu za mwisho: kilele kinazidi kupoa, au kimeanza kupata joto?