Miezi sita na darubini janja: uzoefu wangu

Nianze na kinachowachanganya wengi: darubini hii haina mahali pa kuweka jicho. Siku nilipoitoa kwenye boksi niliigeuza huku na huku nikitafuta tundu la kuchungulia, wapi! Ni mkebe wa kilo mbili na nusu hivi, wenye lenzi ya kipenyo cha milimita 50, kamera kwa ndani na mota mbili za kuugeuza. Unausimamisha juu ya miguu mitatu, unauunganisha na simu kwa Wi-Fi, unaandika jina la unachokitaka, wenyewe unageuka. Vyote utakavyoviona utaviona kwenye kioo cha simu.

Kwa hiyo tuseme ukweli mapema: hii ni kamera. Ukiinunua kwa hamu ya kuinama na kuiona Zohali ikielea gizani, utaumia roho. Mimi niliielekeza kwa Zohali Novemba 2025, nikapata kidonge cha rangi ya maziwa kilichochomwa sindano katikati. Nusu ya lawama ni ya Zohali yenyewe, maana mwaka huo pete zake zilikuwa zimetugeuzia ukingo. Nusu nyingine ni ya lenzi. Sayari zinataka kukuzwa sana, na kifaa hiki kimetengenezwa kwa vitu vipana. Mwezi kinaupiga vizuri. Jua pia, ukikivisha kichujio chake. Bila kichujio usithubutu.

Ubabe wake uko kwenye vitu hafifu. Julai niliielekeza kwenye nebula ya Lagoon, wingu la gesi lililo mbali nasi zaidi ya miaka ya nuru 4,000. Kwanza inapiga picha moja ya anga, inapima nafasi kati ya nyota na nyota, inalinganisha na ramani iliyo nayo, ndipo inajua inatazama wapi. Wewe huhitaji kujua hata kaskazini iko upande gani. Kisha inaanza kupiga fremu za sekunde 10 moja baada ya nyingine, inazipanga nyota juu ya nyota, na kutoa wastani.

Fremu ya kwanza ilikuwa chengachenga tupu, kama televisheni iliyopoteza stesheni. Nikaketi. Kwenye ya kumi na mbili pakatokea doa, nikadhani ni uchafu wa kioo, nikalifuta kwa kidole. Likabaki. Ilipofika ya hamsini doa lilikuwa wingu jekundu lenye ufa mweusi katikati, na ndani ya ule ufa nyuzi nyingine nyembamba zikianza kujitokeza. Hapo nilisahau kwamba nilikuwa nasikia baridi.

Ila uvumilivu una hesabu yake. Fremu 100 hazipunguzi chenga mara 100, zinapunguza mara 10. Ukitaka zipungue mara 20, andaa fremu 400, yaani zaidi ya saa nzima. Ndiyo maana nikaacha tabia ya kurukaruka vitu kumi kwa usiku mmoja. Sasa nachagua viwili.

Mbinu hii ya kulundika picha si ya wanaojifunza tu. Juni 23, 2025, kituo cha kuchunguza anga cha Vera C. Rubin kule Chile kilitoa picha zake za kwanza, na mojawapo ilikuwa ya hiyohiyo Lagoon pamoja na jirani yake Trifid, iliyounganishwa kutokana na picha 678 zilizopigwa kwa saa saba na kidogo. Kioo cha darubini yao kina upana wa mita 8.4, mara 168 ya lenzi yangu, na kamera yao ina megapikseli 3,200. Niliziweka picha mbili ubavu kwa ubavu. Nilicheka peke yangu, lakini ule ufa mweusi upo kote kuwili.

Kuna wanaosema rangi hizi ni za uongo kwa kuwa ukichungulia kwa darubini ya kawaida nebula huonekana ya kijivu. Hapana. Nyekundu ile ni ya haidrojeni, ipo kweli. Ni jicho letu lisiloona rangi kwenye mwanga mdogo.

Uongo upo kwingine. Programu ya simu ina kitufe cha akili mnemba cha kusafisha chenga. Nilikibonyeza kwenye picha ya galaksi M51 iliyokuwa na fremu chache, ikang'aa kama ya kwenye bango. Kisha nikaikuza. Pale palipokuwa na chenga palikuwa na vijinyoo laini vilivyojikunja, umbo ambalo halikuwepo kwenye fremu hata moja. Mashine ilikuwa imebuni. Tangu hapo sikigusi hicho kitufe, na nawashauri muhifadhi faili ghafi kila mara, hata kama zinajaza nafasi.

Malalamiko sasa. Kubwa kuliko yote: siku moja nilikibeba kifaa hadi mahali pasipo na taa, na bila shaka pasipo na mtandao. Nikawasha, programu ikadai isasishwe kwanza, la sivyo haiendelei. Saa nne za giza safi nikazimaliza nikitazama kwa macho yangu mawili. Nikawaandikia watengenezaji, jibu lilikuja baada ya siku tisa, likiniambia nizime na kuwasha. Siku hizi nafungua programu nyumbani kabla ya kutoka, kama mtu anayekagua tairi.

Betri nayo, ukiwasha kipasha joto cha kuzuia umande kwenye lenzi, inaisha mapema, kwa hiyo pawabenki ni lazima. Galaksi ya Andromeda haienei kwenye fremu moja. Na kwa kuwa mkebe hugeuka kushoto-kulia na juu-chini tu, anga huzunguka polepole ndani ya picha, na pembe zinatoka zimekatikakatika kama karatasi iliyogugunwa na panya. Dawa ni kukiinamisha kifaa kifuate mhimili wa Dunia. Inachukua dakika 15 ukiwa mgeni.

Kilichonifanya nisikiuze ni nyotamkia 3I/ATLAS. Iligunduliwa Julai 1, 2025, na ni kitu cha tatu tu kujulikana kilichotujia kutoka nje ya mfumo wetu wa jua, baada ya ʻOumuamua ya 2017 na Borisov ya 2019. (Huyo Borisov aliyeipa jina aliinasa kwa darubini aliyoitengeneza kwa mikono yake, na mimi hapa nanung'unikia sasisho.) Jua haliwezi kuishika, inapita na kwenda zake. Desemba 19 ilitukaribia kuliko siku zote, kwa umbali wa kilomita milioni 270 hivi, na mwezi ulikuwa haupo angani.

Nilitoka kabla ya alfajiri. Jaribio la kwanza liliharibika, kwa sababu programu hupanga fremu kwa kufuata nyota, na nyotamkia haikai na nyota. Ikatoka kama alama ya kidole kilichoteleza. Nikabadili, nikapiga dakika tano tu, nikasubiri saa nzima, nikapiga dakika tano nyingine.

Dada yangu aliamka akanikuta nazipitisha picha mbili kwenye simu. Kimoja kati ya vitone, chenye ukungu kidogo, kilikuwa kinahama.

"Ndicho hicho tu?" akauliza.

"Ndicho hicho. Kimetoka kwenye nyota nyingine."

Akanyamaza. Akaichukua simu, akazirudia picha zile mbili mara sita au saba, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kisha akauliza darubini imebakiza chaji kiasi gani.