Kozi ya kumiksi ya laki mbili na nusu: nimeimaliza, naisema ilivyo

Wadau, nimemaliza ile kozi ya mtandaoni ya kumiksi muziki niliyolipia laki mbili na nusu, jina siweki maana sitaki kesi na mtu. Video safi, jamaa anaongea vizuri, studio ina mataa ya zambarau hatari. Ila somo karibu lote ni plagini, yaani kile kiprogramu cha kubadilisha sauti. Anaiweka kwenye vokali, anawasha, anazima, "mnasikia tofauti?" na mi nasikia kweli! Nikaja kushtuka wiki ya nne, nikashusha voliumu ya ile plagini kama desibeli mbili hivi ilingane na mwanzo, nikawasha nikazima... hamna kitu. Kumbe sauti ilikuwa imepanda tu, na sikio likisikia kikubwa linadhani ndo kizuri. Roho iliniuma aisee.

Kilichonivusha ni REAPER, programu ya kurekodi na kumiksi, unajaribu siku 60 bure halafu leseni ya mtu binafsi dola 60, pamoja na maktaba ya Cambridge Music Technology, pale unashusha nyimbo zikiwa vipande vipande, ngoma ya kiki peke yake, besi peke yake, kila vokali na faili lake, bure kwa kujifunzia. Angalia bando tu, wimbo mmoja unakula mega mia kadhaa, mi nilikuwa nashusha usiku wa manane.

Miksi ikiisha naipeleka kwenye bajaji ya mshkaji niisikilize kwenye spika zake. Ya kwanza besi ilipotea yote, na nyumbani kwenye hedifoni ilikuwa inatikisa fuvu! Spika ndogo hazitoi hetzi 50, yaani zile sauti nzito za chini kabisa, ndo hivyo, lakini ukiichafua besi kidogo na distoshen inaota sauti za juu ambazo ile spika inaziweza, halafu sikio linajazia lenyewe kule chini. Na dogo anayeimba alikuwa kama yuko ndani ya ndoo, nikapunguza maeneo ya hetzi 300, desibeli tatu tu, akatoka kwenye ndoo. Mshkaji akaniuliza nimebadilisha msanii 😂

Nisiwe mchoyo, somo la kompresa, ile inayobana sauti zikizidi, kwenye ile kozi ni la moto. Alionyesha ataki, yaani muda kompresa inaochukua kuanza kubana, ikiwa fupi sana inaumeza mpigo wa ngoma ya sneya, ukiirefusha kidogo fimbo inasikika inagonga ngozi. Nimelirudia mara tatu.

Nikaomba warudishe hata nusu ya hela, wakajibu siku saba zimepita. Nyota mbili, na zote ni za kompresa.