Uzoefu wangu: tulilia kwenye kaburi la ukoo usio wetu

Mavyaa wangu ana miaka 78, na tangu astaafu hana hamu nyingine ila kujua kwao. Alichokuwa nacho ni jina la babu wa babu yake, kibarua wa mashambani aliyeishi Kersey, kijiji cha Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Mume wangu akatulipia kampuni inayotafuta nasaba kisha inawapeleka kijijini kwa gari: pauni 320 kwa siku, watu wawili, chakula juu yenu. Wiki mbili kabla ya safari tukaletewa mti wa ukoo uliochapwa vizuri, na urembo wa maua pembeni.

Nianze na mazuri. Kersey panapendeza kweli. Kijito kinakatisha barabara ya kijiji na magari yanapita majini, yakiwasubiri mabata kwanza. Kanisa liko juu kilimani. Mavyaa alipanda na mkongojo wake, anapumzika kila baada ya hatua chache, hataki kushikwa mkono.

Jiwe la kaburi lilikuwa limeliwa na kuvu, huoni herufi hata moja. Mwongozaji akatoa kwenye mkoba kioo cha kujitazamia, akakigeuzageuza mpaka mwanga wa jua ukalipiga jiwe kwa ubavu. Majina yakajitokeza, kwanza la mume, halafu la mke. Akamkataza mavyaa kukwangua hata kwa ukucha, maana jiwe linaharibika. Yule mama anaijua kazi yake, sina neno naye.

"Hawa ndio wazazi wake," tukaambiwa. Mavyaa akaweka maua, akalia, na mimi nikalia. Ila moyoni nilijiuliza: mtoto wa watu waliomudu jiwe la kuchongwa, iweje awe kibarua? Nikanyamaza. Mimi mtu wa Tanga, ukoo wenyewe si wangu.

Tukanywa chai Hadleigh, mji mdogo njiani, tukaenda Ipswich kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Kuingia bure, kalamu za wino marufuku, unaandika kwa penseli. Kijana wa zamu akautazama mti wetu, akauliza: "Sensa ya 1851 mmeiona?"

Hatukuiona. Kampuni iliishia kwenye sensa ya 1841, ambayo iliuliza tu kama mtu amezaliwa kaunti hiyohiyo. Ya 1851 iliandika na parokia ya kuzaliwa, na kwa mtu wetu iliandikwa Hadleigh. Kijana akafungua rejista ya maziko ya Kersey, ambayo tangu 1813 inaonyesha umri wa marehemu. Mtoto wa wale wenye jiwe, aliyebatizwa 1824, alizikwa 1826 akiwa na miaka miwili. Kumbe majina yamegongana tu. Na Hadleigh tulikuwa tumetoka kunywa chai!

Nilidhani mavyaa ataumia. Akasema maua yakae hukohuko, yule mtoto hajapata maua siku nyingi.

Kwa hiyo kwa mwongozaji na kile kioo nyota tano, kwa utafiti nyota moja. Kosa lenyewe si la bahati mbaya. Sensa ya 1851 iko mtandaoni, kuitazama ni kazi ya dakika kumi. Mkitaka kuwalipa watu wa namna hii, waambieni kwanza wawaonyeshe ubatizo, ndoa, sensa na maziko ya kila jina, kabla hamjapanda gari. Mtoto akibatizwa, hakikisheni hakuzikwa. Na kama ukoo wenu ulikuwa wa vibarua, msitarajie kaburi lenye jina. Wengi wao hawakuwekewa jiwe.

Nimeomba nusu ya fedha irudi. Wamejibu kwa kutupa punguzo la safari ijayo. Hatulitaki. Jumamosi tunakwenda Hadleigh kwa basi, mimi na mavyaa, na chupa yetu ya chai.