Jiko Gani Ununue Nyanda za Juu Kusini: Kuanzia Linalofaa Zaidi Hadi la Kuacha

Sufuria ya maharage ndiyo inayomaliza mkaa nyumbani. Chai, ugali, mboga, vyote hivyo ni vya dakika chache. Lakini maharage yaliyokaa ghalani tangu msimu uliopita yanaweza kukaa jikoni saa tatu, na kila ukifunua unakuta maji yanatokota na punje bado ngumu. Huku kwetu kosa si la maharage peke yake. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Njombe ni kama 93, na Makete hupungua zaidi. Maji yakishachemka hayaongezi joto hata uchochee vipi. Unaongeza mkaa, unaongeza maji, maharage yako palepale.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililobadilisha namna ninavyowashauri ndugu zangu wanaponipigia simu kuuliza, "Dada, ninunue jiko gani?" Wengi huuliza wakifikiria bei ya jiko. Mimi huwauliza wanapika nini kila siku na kwa muda gani, kwa sababu jiko hulinunui mara moja. Unalilipia kila unapoliwasha. Na si wewe peke yako unayelipa. Mkaa unaopatikana kwenye soko la Mwanjelwa hapa Mbeya au Mlandege kule Iringa ulianza ukiwa miti, na katika tanuri la udongo la kawaida zinahitajika kilo 6 hadi 10 za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Takwimu za serikali zinasema Tanzania hupoteza takriban hekta 469,000 za misitu kwa mwaka. Kilimo kina sehemu kubwa katika hilo, na mkaa nao una yake. Mti ukikatwa na kuchomwa bila mwingine kukua mahali pake, hewa ya ukaa iliyokuwa ndani yake inakwenda angani na kubaki huko.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mimi naupokea kwa moyo wote. Lakini mkakati haupiki. Anayepika ni mama au binti wa nyumbani, na jiko asilolimudu atalirudisha uvunguni. Kwa hiyo huu hapa mpangilio wangu, kwa mtu anayeishi kwenye mwinuko huu na baridi hii.

La kwanza: jiko la presha la umeme

Wengi wanaliita presha kuka. Ni sufuria yenye mfuniko unaofunga kabisa, ndani ina mpira, juu ina kipumulio, na chini ina kipasha joto. Mvuke ukizuiwa, msukumo unapanda, na maji yanapita nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Yaani linaturudishia joto ambalo mwinuko ulitunyima, na zaidi. Ndiyo maana nasema jiko hili linamfaa mtu wa Mbeya kuliko hata mtu wa Tanga.

Maharage makavu ambayo hayakulowekwa huiva kwa saa moja hivi. Ukiyaloweka usiku, muda unapungua sana. Hesabu ya umeme iko hivi: jiko la lita 5 au 6 huwa la wati 1,000 hivi, lakini haliwaki muda wote. Likishapata presha linajizima, joto likishuka linajiwasha kidogo, na kwa sababu limefunikwa na kuvikwa vizuri halipotezi joto ovyo. Sufuria moja ya maharage hutumia kama nusu uniti. Kwa mteja wa kawaida wa LUKU anayelipa shilingi 356 hivi kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni chini ya shilingi 180. Ukipika maharage kila siku kwa mwezi mzima, ni uniti 15, kama shilingi 5,300. Ukiwa kwenye kundi la matumizi madogo, wanaolipa shilingi 122 hivi kwa uniti, haifiki hata 2,000. Linganisha na mkaa unaonunua kwa mwezi.

Tahadhari moja kwa walio kwenye kundi hilo la chini: mwisho ni uniti 75 kwa mwezi. Zikizidi, za ziada zinatozwa bei ya juu. Kama una friji na pasi inayofanya kazi kila siku, piga hesabu kwanza.

Siku ya kwanza nilipolijaribu, nilisimama kwenye mita nikasoma namba, nikaandika kwenye ukuta kwa chaki. Nikaweka vikombe vitatu vya maharage ya njano, maji yapite juu kwa vidole viwili, chumvi nikaiacha. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye amepika kwa kuni maisha yake yote, akakaa kwenye kigoda anasubiri.

"Mwanangu, mbona halitoi sauti?"

"Linapika, mama. Tusubiri."

Lilipotulia na kipini cha presha, kile kinachoinuka kwenye mfuniko presha ikipanda, kushuka, nikafungua. Alichukua punje moja, akaibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada, ikasagika. Hakusema neno. Alikwenda kwake akarudi na bakuli la makande yake mabichi, mahindi na maharage yamechanganywa, akaniambia, "Haya nayo." Nayo yaliiva. Nikarudi kwenye mita nikatoa hesabu mbele yake.

Na umeme wenyewe ni wetu, ukifuatilia. Mto Ruaha Mkuu unaanzia kwenye milima yetu, unapita bonde la Usangu na kinamasi cha Ihefu, unafika bwawa la Mtera penye megawati 80, unashuka Kidatu penye 204, kisha maji yake yanaingia Rufiji kwenye Bwawa la Julius Nyerere lililojengwa kwa megawati 2,115. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, sababu kubwa zikiwa umwagiliaji na mifugo mingi huku juu. Mtu wa Mbarali anayeacha kununua mkaa wa miombo ya vyanzo vya mto huo anaulinda mto unaopika maharage yake.

Ununuzi wenyewe. Bei nyingi zinaanzia laki moja na kitu na kupanda kadiri ya ukubwa na kampuni. Familia ya watu watano au sita inatosheka na lita 6. Chagua lenye sufuria ya ndani ya chuma cha pua kuliko lile la rangi nyeusi inayobanduka ukikwangua ukoko. Uliza kabla ya kulipa: mpira wa mfuniko unauzwa peke yake? Ukikatika na huupati, umebaki na sufuria nzito tu. Angalia plagi iwe ya pini tatu, na udhamini uandikwe kwenye risiti. Usijaze zaidi ya theluthi mbili, na kwa maharage ishia nusu, maana yanatoa povu linaloziba kipumulio.

Kasoro yake kubwa ni umeme kukatika. Hata hivyo ukikatika presha ikiwa imeshapanda, usifungue. Joto lililomo ndani litaendelea kupika kwa muda.

La pili: gesi, na kwa ajili ya vitu vya haraka

Presha kuka halisongi ugali wala halikaangi dagaa vizuri. Hapo ndipo gesi inapoingia, na nyumba yenye hivi viwili imemaliza. Kosa ninaloliona sana ni mtu kununua mtungi wa kilo 6, akachemsha maharage saa tatu, gesi ikaisha kabla ya mwezi, akasema gesi ni ya matajiri na kurudi kwenye mkaa. Gesi yake haikuwa na kosa. Mpe gesi chai, mayai, ugali na mboga uone inavyokaa. Bandika tarehe kwenye mtungi siku unapoufunga, na siku unapoisha gawanya bei kwa siku ulizopika.

Kati ya kilo 6 na kilo 15, ukiweza chukua kilo 15. Kwa kawaida kila kilo hutoka nafuu na husumbuki kubadilisha mara kwa mara. Lakini kwa anayeanza, mitungi ya kilo 6 imekuwa ikiuzwa vijijini kwa ruzuku ya nusu bei kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Uliza ofisi ya kijiji au mtaa kama mgao umefika kwenu.

Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Omba upimiwe kwenye mizani mbele yako, toa ule uzito, kinachobaki ndiyo gesi yako. Wengine wanaona aibu kuomba. Usione aibu, ni hela yako. Ukifika nyumbani paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regulata. Likitoa mapovu, funga. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, kwa hiyo acha upenyo chini ya mlango, si dirisha la juu peke yake.

Jambo la huku kwetu: asubuhi za Juni na Julai, hasa Makete na Uporoto ambako sakitu inalala kwenye majani, mtungi unaokaribia kuisha hutoa moto mnyonge. Ni baridi, gesi haigeuki kuwa hewa upesi. Uweke mtungi ndani, penye hewa. Kamwe usiupashe moto kwa makaa wala maji yanayochemka.

Kuhusu tabianchi nitasema kweli: gesi hii inatokana na mafuta na gesi ya ardhini, na kila kilo ukiichoma hutoa kama kilo 3 za hewa ya ukaa. Haina usafi wa maji ya Kidatu. Lakini ukiiweka badala ya mkaa wa mti ambao haukupandwa tena, umepunguza, na mapafu ya watoto yamepona moshi. Serikali inataja vifo takriban 33,000 kwa mwaka nchini vinavyohusiana na moshi wa kupikia.

La tatu: jiko banifu, kama umeme na gesi havijakufikia

Sitamwambia mtu wa kijiji cha Mufindi, anayezungukwa na mabanzi ya viwanda vya mbao, atupe kuni. Miti ya shamba la Sao Hill inapandwa na kupandwa tena, na mabanzi yake yangeoza au kuchomwa bure. Kwake nasema: achana na mafiga matatu, jenga jiko banifu, yaani linalobana matumizi ya kuni, la udongo au matofali, lenye bomba la kutolea moshi. Kuni zitapungua kwa theluthi au zaidi, na paa halitakuwa jeusi.

Kwa mkaa, nunua lile la bati lenye ndani ya udongo wa kuchomwa. Ligonge kwa kidole: likilia kwa sauti kali na safi, udongo umeiva, likilia kizito, lina ufa. Hakikisha mlango wake wa hewa unaweza kufungika kabisa, maana hapo ndipo akiba ilipo. Mkaa mbadala wa pumba, magunzi au maranda unawaka vizuri humo, ila muulize muuzaji umetengenezwa na nini. Kuna unaotokana na makaa ya mawe. Unaokoa miti, sawa, lakini hewa ya ukaa iliyokaa ardhini miaka mamilioni inatoka, na kwa tabianchi sijauweka juu ya gesi.

Najua kwa nini mkaa hautoki kwenye nyumba za Njombe hata zenye gesi. Watu wanaota moto. Presha kuka halipashi chumba, na usiku wa Julai si mchezo. Lakini jiko la mkaa lililoingizwa chumbani mlango ukafungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na watu wamekutwa asubuhi wamekufa. Nunua blanketi zito na chupa ya mpira ya maji moto. Kama ni lazima kuota, ota jikoni mlango ukiwa wazi, na jiko libaki nje mnapolala.

Mwenye ng'ombe wawili au zaidi wa kufungia, kama wengi wa Rungwe, asinunue chochote kabla hajaulizia mtambo wa biogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na samadi. Samadi anayo, maji anayo. Gharama ya ujenzi ni kubwa mwanzoni, lakini mbolea inayotoka inakwenda moja kwa moja kwenye migomba. Sehemu za baridi kali mtambo unazalisha polepole zaidi.

Ya kuacha

Jiko la bati tupu, lisilo na udongo, ni rahisi dukani na ghali kila siku. Joto linatoka pande zote.

Na jiko la umeme la koili, lile la waya unaokuwa mwekundu, usilinunulie maharage. Linapika sufuria wazi, kwenye nyuzi zilezile 94, kwa saa zilezile tatu, na uniti mbili au zaidi zimekwenda. Langu nililinunua duka moja la mjini, nikalichomeka kwenye ekstensheni pamoja na pasi. Plastiki ya soketi iliyeyuka, ukuta ukapata doa jeusi ambalo mpaka leo lipo. Jiko lolote la umeme lichomeke ukutani moja kwa moja, peke yake.

Siku ya kununua nenda asubuhi, dukani kukiwa na nafasi. Mwambie muuzaji aweke maji vikombe viwili kwenye presha kuka, alifunge, aliwashe. Subiri kipini kipande. Mvuke ukitoka pembeni mwa mfuniko, mpira haukai sawa. Omba jingine, nalo lijaribiwe.